Uzi, Sindano na Valvu ya Moyo: Daktari Anashonaje, na Sisi Inatuhusu Nini?

Safari hii nimeombwa niandike kitu kutoka upande wetu sisi tunaosoma udaktari, na sharti nililopewa ni moja tu: nisiwaandikie madaktari. Basi nimechagua mshono. Sizungumzii mshono wa kidonda cha gotini. Nazungumzia ule anaoshona daktari akiweka valvu mpya ndani ya moyo wa mtu. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi wenyewe, sisi wa uhasibu na kompyuta inatuhusu nini? Inatuhusu, tena sana. Wengi wetu tuna ndugu, jirani au mtu tuliyesoma naye shule ya msingi aliyeambiwa moyo wake umetanuka, kisha familia nzima ikaanza kuchangishana nauli ya India. Na sisi tulio nje ndio wa kwanza kupigiwa simu. Mchango tunatuma, lakini tukiulizwa "hiyo operesheni yenyewe ikoje?" tunabaki kuguna tu.

Tuanze na ugonjwa, maana bila huo mshono hauna maana. Moyo una valvu nne. Hizi ni milango ya nyama nyembamba inayoruhusu damu ipite upande mmoja na kuizuia isirudi. Mbili zilizo upande wa kushoto ndizo zenye kazi nzito: ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini, na ya aota, iliyo kwenye mlango wa kutokea damu kwenda mwilini. Huku Ulaya na Marekani anayebadilishiwa valvu mara nyingi ni mzee. Valvu yake ya aota imejaa chokaa kwa sababu ya umri, imekuwa ngumu kama gamba, haifunguki.

Kwetu Afrika Mashariki mgonjwa ni mwingine kabisa. Ni mtoto wa shule, au dada wa miaka ishirini na kitu. Aliumwa koo, mafindofindo yale ya kawaida, akapewa chai ya tangawizi yakaisha. Vijidudu vya koo hilo vinaitwa streptokoki. Kwa baadhi ya watoto mwili ukishapigana navyo unachanganya adui na rafiki, unashambulia viungo vya mikono na miguu na unashambulia valvu za moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Ikirudia mara kadhaa valvu inapata makovu, inakaza au inavuja, na mara nyingi zaidi ni ile ya mitrali. Penisilini ya bei ndogo ingeweza kuzuia yote haya. Mwezi Mei 2018 Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio juu ya ugonjwa huu, baada ya miaka mingi ya kuonekana kama ugonjwa wa maskini usio na mwenyewe. Tofauti hiyo ya umri, mzee wa huku na kijana wa kwetu, naomba muitunze kichwani, nitaihitaji baadaye.

Ilianzaje

Mtu wa kwanza kuweka valvu ya kutengenezwa kwa binadamu, Charles Hufnagel, mwaka 1952 kule Washington, hakushona kitu. Alikuwa na kidude cha plastiki chenye mpira ndani, akakiingiza kwenye mshipa mkubwa unaoshuka kutoka moyoni na kukibana kwa pete. Moyo wenyewe hakuufungua, kwa sababu wakati ule hapakuwa na njia ya kuusimamisha. Njia ilipatikana tarehe 6 Mei 1953, John Gibbon alipotumia mashine ya moyo na mapafu kwa mafanikio kule Philadelphia. Kuanzia hapo daktari akaweza kuusimamisha moyo, kuufungua na kufanya kazi ndani yake, huku mashine ikizungusha damu.

Mwezi Machi 1960 Dwight Harken wa Boston aliweka valvu mahali pake pa aota, na Nina Braunwald, mwanamke, tena mwaka ule wa 1960, akaweka ya mitrali kule Bethesda. Baadaye mwaka huohuo Albert Starr wa Oregon, akishirikiana na injinia mstaafu Lowell Edwards, akaweka ile valvu maarufu ya mpira ndani ya kizimba. Mgonjwa wake wa kwanza hakuishi hata siku moja. Wa pili aliishi miaka mingi, na hakuuawa na moyo: alianguka kwenye ngazi akipaka rangi nyumba yake.

Kilichowezesha yote haya ni kitu kidogo ambacho watu hawakizungumzii: pete ya kitambaa. Valvu nyingi za kushonwa, iwe ya chuma na kaboni au ya nyama ya mnyama, zimezungushiwa pete ya kitambaa, mara nyingi cha poliesta, jamii ileile ya nyuzi zinazotengeneza mashati yetu. Huwezi kushona chuma kwenye nyama. Unashona kitambaa kwenye nyama. Kwa hiyo mwisho wa yote, pamoja na mitambo ya mamilioni, kazi ni ya ushonaji. Alexis Carrel, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kutufundisha kuunga mishipa ya damu, alijifunza sindano nyembamba kwa mdarizi mmoja mwanamke pale Lyon. Bibi zetu waliodarizi kofia za viua wangemwelewa vizuri sana.

Kazi yenyewe

Tuchukue valvu ya aota. Kifua kimefunguliwa, mashine inafanya kazi, daktari amebana aota kwa koleo na moyo umepewa dawa baridi yenye potasiamu nyingi, umelala kimya. Kuanzia koleo linapobana, saa inahesabiwa. Moyo haupati damu yake ya kawaida, na kila dakika ina gharama. Mtu asiposahau jambo hili ataelewa ubishi wote wa madaktari kuhusu mshono, kwa sababu ubishi huo ni wa dakika.

Anakata valvu mbovu, anakwangua chokaa kama ipo, anapima tundu kwa vipimo vya milimita 19, 21, 23 na kuendelea. Halafu anaanza kushona kwenye ukingo wa tundu lile. Na hapa hachezi, maana ukingo huo umezungukwa na majirani wabaya. Sehemu moja, chini ya pembe zinapokutana vipande viwili vya valvu ya aota, inapita njia ya umeme wa moyo. Sindano ikizama pale, moyo unapoteza mpangilio wake na mgonjwa anahitaji betri ya kudumu. Kwenye mitrali, nyuma ya ukingo, unapita mshipa mmojawapo unaoulisha moyo wenyewe. Ukiushona umeuziba. Sindano ya kina kirefu inashika vizuri lakini inaweza kugusa jirani. Ya juujuu ni salama kwa jirani lakini inaweza kung'oka. Maabara tunafanyia mazoezi mioyo ya nguruwe, na nakwambieni, ukishika koleo la sindano mara ya kwanza mkono wote unatoka jasho, na pale hakuna mgonjwa.

Sasa njia zenyewe. Zipo nyingi, lakini zinarudi kwenye makundi machache.

Ya kwanza ni mshono wa godoro wenye viraka. Jina limetokana na mafundi magodoro, na kwa aliyewahi kumwona fundi wa magodoro ya sufi mtaani halihitaji maelezo: sindano ndefu inazama, inapita chini, inarudi juu kando kidogo ya pale ilipoingia, ncha zote mbili za uzi ziko upande mmoja, anafunga. Kwenye moyo uzi mmoja una sindano mbili, moja kila mwisho. Katikati ya uzi kuna kiraka kidogo cha kitambaa cha teflon, ukubwa wake si zaidi ya punje chache za mchele. Kazi ya kiraka ni ileile ya kitufe kwenye godoro: uzi usizame na kuchana nyama. Nguvu ya kuvuta inatawanyika kwenye kiraka chote.

Nyuzi hizi huwekwa moja moja kuzunguka tundu, kumi na mbili, kumi na tano, wakati mwingine zaidi, rangi zikipishana, kijani na nyeupe, ili zisichanganyike. Kila moja inashikwa na msaidizi kwa mpangilio. Halafu kila uzi unapitishwa kwenye pete ya kitambaa ya valvu mpya, ambayo bado iko nje, imeshikwa hewani juu ya kifua. Zikishapita zote, valvu inasukumwa taratibu kufuata nyuzi zake mpaka ikae mahali pake, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani kwa kamba kumi na tano badala ya moja. Kisha mafundo. Tuseme nyuzi 15, kila fundo mizunguko saba: ni mizunguko 105 ya kidole ndani ya shimo, na saa inahesabu.

Ndani ya njia hii hii kuna ugomvi mwingine wa kindugu: kiraka kikae upande gani? Kikikaa chini, upande wa chumba cha chini cha moyo, sindano inatoka chini kwenda juu na valvu inakalia ukingo kwa juu, kama sufuria juu ya mafiga. Huu unasifiwa kwa nguvu, na kwenye aota unaruhusu kuweka valvu kubwa kidogo. Kiraka kikikaa juu, valvu inaingia ndani ya tundu lenyewe. Kwenye mitrali wengi wanapenda viraka vya juu wakiweka valvu ya chuma, kwa sababu vibawa vyake vinafungukia chini, na hawataki nyama au kitambaa kilichojikunja kije kuvizuia. Wakiweka ya nyama ya mnyama, wengi wanarudi kwenye viraka vya chini.

Njia ya pili ni mshono wa mojamoja bila kiraka. Uzi unapita mara moja kwenye ukingo na mara moja kwenye pete, unafungwa, basi. Ndani ya moyo hakubaki vitambaa vingi, na valvu inakaa bila kubanwa. Lakini nguvu yote inakaa kwenye uzi mwembamba, kwa hiyo nyuzi zinahitajika nyingi zaidi na ukingo uwe imara. Ndugu yake ni mshono wa nane, ambao uzi unapishana kwa umbo la tarakimu hiyo, unashika eneo kubwa kwa fundo moja.

Ya tatu ni mshono mfululizo. Hapa daktari anachukua uzi laini wa polipropilini, usiosukwa, na kuzunguka nao kama unavyopiga bandi kwenye pindo la suruali: ndani, nje, ndani, nje, mpaka amalize duara. Wengi kwenye aota hutumia nyuzi tatu, kila mmoja theluthi ya duara. Mafundo ni machache mno. Uzi wenyewe unateleza, kwa hiyo unaweza kuacha mizunguko imelegea, ukaishusha valvu, halafu ukakaza yote kwa ndoano ndogo. Ni wa haraka, nyuzi zinazotumika ni chache, na kwa kuwa hakuna viraka, mdomo wa valvu unabaki wazi zaidi. Kwa mtu mwenye tundu dogo la aota hiyo ni faida ya kweli, maana tofauti ya milimita mbili unaisikia ukipanda ngazi.

Hasara yake kila fundi cherehani anaijua bila kusoma udaktari. Bandi ikikatika sehemu moja, pindo zima linashuka. Kwenye mishono ya mojamoja, mmoja ukifa jirani zake wanabaki kazini. Kwenye mfululizo, sehemu moja ya nyama ikichanika, au uzi ukijeruhiwa kwa koleo la chuma bila mtu kuona, theluthi nzima inalegea.

Kuvuja

Kwa hiyo kinachoogopwa ni nini hasa? Valvu kung'oka yote ni nadra. Kinachoogopwa ni kuvuja pembeni: valvu yenyewe inafunga vizuri, lakini kati ya pete na ukingo kuna mwanya. Ukiwa mdogo sana huenda usilete shida yoyote. Ukiwa mkubwa, damu inarudi nyuma kila pigo na moyo unachoka upya, kana kwamba operesheni haikufanyika. Hata mwanya mwembamba unaweza kuwa msumbufu kwa namna nyingine: damu inapita pale kwa kasi, chembe nyekundu zinapasuka, mgonjwa anapungukiwa damu na mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi.

Mitrali huvuja pembeni mara nyingi kuliko aota, na sababu moja ni rahisi. Valvu ya aota inafungwa moyo ukiwa umepumzika, presha kama 80. Ya mitrali inafungwa wakati chumba cha chini kinasukuma kwa nguvu zake zote, presha 120. Piga hesabu ya mapigo 70 kwa dakika: ni zaidi ya mara 100,000 kwa siku mishono ile inasukumwa hivyo. Na sisi wa kwetu, nakumbusha, ni watu wa mitrali.

Hapa ipo hadithi moja ambayo kwa maoni yangu inafundisha kuliko kitabu. Mwishoni mwa miaka ya tisini kampuni ya St. Jude Medical, ambayo valvu yake ya vibawa viwili ilianza kutumika mwaka 1977, ilipata wazo zuri: kupaka fedha kwenye pete ya kitambaa, kwa sababu fedha inaua vijidudu. Pete hiyo iliitwa Silzone. Ukafanywa utafiti mkubwa ulioitwa AVERT kulinganisha pete ya fedha na ya kawaida. Mwezi Januari 2000 kampuni iliziondoa sokoni. Wagonjwa wenye pete ya fedha walikuwa wanavuja pembeni zaidi. Inaelekea fedha iliyokusudiwa kuua vijidudu ilizuia pia nyama ya mgonjwa kuota ndani ya kitambaa.

Hapo ndipo jambo linapofunguka. Uzi haushiki valvu milele peke yake. Uzi unaishika wiki na miezi ya mwanzo, wakati nyama ya mgonjwa inatambaa na kujisuka kwenye kitambaa. Baadaye anayeshika kwa kiasi kikubwa ni mwili wenyewe. Kazi ya mshono ni kuhakikisha kitambaa na nyama vinagusana bila mwanya na bila kutikisika mpaka hapo. Mshono wowote unaofanya hivyo ni mzuri. Usiofanya hivyo ni mbaya, hata uwe wa kasi namna gani.

Walipozichambua takwimu za AVERT kwa upande wa ushonaji, ilionekana kuwa waliowekewa mishono isiyo na viraka walikuwa na hatari zaidi ya kuvuja. Wenye kupenda mshono mfululizo hawakunyamaza. Zipo tafiti zilizofuata zinazosema kwamba, kwenye aota hasa, mikononi mwa waliozoea, tofauti si kubwa. Nami nakubali kwamba kulinganisha ni kugumu: daktari hachagui mshono kwa kurusha shilingi, anauchagua akishaiona nyama. Mwenye ukingo laini na mbovu ndiye anayepewa viraka.

Kwa mgonjwa wetu je?

Ukimuuliza daktari bingwa upi ni bora, jibu utakalopewa karibu kila mahali ni: ule anaoujua mshonaji. Ni jibu la kweli, lakini linakwepa swali. Mwanafunzi anayejifunza leo bado hana anaoujua. Atajifunza upi kwanza?

Kwa mzee wa miaka 80 wa huku, kila dakika ya koleo ni hatari, na akivuja, kuna eko kila kona ya mji na kuna wataalamu wa kuziba mwanya kwa kupitia mshipa wa paja bila kupasua kifua. Kwake kasi ina hoja nzito. Kijana wetu moyo wake, ingawa umechoka, kwa kawaida unaweza kuvumilia dakika kadhaa zaidi za koleo. Ukingo wake wenye makovu mara nyingi unashika uzi vizuri. Asichoweza kuvumilia ni kuvuja miaka miwili baadaye, amerudi kijijini, eko iko siku mbili za basi, na operesheni ya pili ina maana ya kuanza mchango upya. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa mitrali ya mgonjwa wa rumatiki, mshono wa godoro wenye viraka, mmoja mmoja, hata kama timu nyingine imeshamaliza na inakunywa chai. Mshono mfululizo ujifunzwe, nao una siku yake, siku ya aota ndogo yenye ukingo safi. Hoja ya kwamba ni nafuu kwa sababu nyuzi ni chache siikubali, maana ukilinganisha bei ya pakiti za uzi na ya kumrudisha mtu mezani, haifai hata kubishaniwa.

Nitaje na mambo mengine yanayoingia hapa kwa mlango wa pembeni. Mkia wa fundo ukiachwa mrefu kwenye valvu ya chuma unaweza kuingia katikati ya vibawa na kukizuia kimoja. Kwenye valvu ya nyama ya mnyama uzi unaweza kunasa kwenye nguzo zake wakati wa kuishusha, ikakaa imepinda. Ndiyo sababu daktari mzuri akimaliza kufunga anazunguka tena duara lote kwa kioo kidogo au kwa ncha ya chombo, akijaribu kila fundo. Na kwenye mitrali kuna kamba nyembamba za nyama zinazounganisha valvu na ukuta wa moyo. Walton Lillehei alishauri tangu mwaka 1964 zisikatwe zote, kwa kuwa zinausaidia moyo kusukuma. Mishono hiyohiyo ya godoro ndiyo inayotumika kuzikunja na kuzibakiza.

Siku hizi zipo na klipu za titani zinazofunga badala ya fundo la mkono. Kifaa kinabana, kinakata, kimemaliza. Zinaokoa muda kweli, lakini kila klipu inanunuliwa. Tena zipo valvu za aota zisizoshonwa kabisa au zinazoshikwa na nyuzi tatu tu, na ile inayopitishwa kwenye mshipa wa paja, ambayo Alain Cribier aliiweka kwa mara ya kwanza pale Rouen, Ufaransa, mwezi Aprili 2002. Hata wazo la kutoshona si jipya, George Magovern wa Pittsburgh alikuwa na valvu yenye meno ya kujing'ang'aniza tangu mwaka 1962. Lakini nyingi ya hizi zimetengenezwa kwa ajili ya aota ya mzee iliyojaa chokaa, ambayo chokaa yenyewe inasaidia kuishikilia. Mitrali ya binti wa miaka 19 wa Singida au Kisumu bado inasubiri sindano na uzi.

Na si lazima tena awe India. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza Dar es Salaam mwaka 2015, ikitokea kwenye idara ya Muhimbili. Kenya ipo Tenwek kule Bomet, hospitali ya misheni inayopokea wagonjwa wengi wa rumatiki. Kampala wana Taasisi ya Moyo pale Mulago. Kigali, wataalamu wa kujitolea wa Team Heart kutoka Boston walianza kwenda mwaka 2008. Na kule Khartoum shirika la Kiitaliano la Emergency lilifungua Kituo cha Salam mwaka 2007, wagonjwa wakipasuliwa bure wakiwemo wa nchi jirani. Wenzetu mnaosoma udaktari na uuguzi, au kuendesha ile mashine ya moyo na mapafu, kazi mtakayoikuta nyumbani ndiyo hii, na wala si ya kubahatisha.

Kwa mwenye ndugu anayekwenda kupasuliwa, maswali ya kuuliza si mengi. Ulizeni valvu ni ya aina gani, mapema, kabla ya siku yenyewe. Ya chuma inadumu lakini inadai vidonge vya warfarini maisha yote na vipimo vya damu mara kwa mara, na kwa dada anayetaka kuzaa hilo ni zungumzo zito, maana warfarini ina hatari kwa mimba changa. Ya nyama inamwepusha na vidonge hivyo kwa muda mrefu, lakini kwa kijana inachakaa haraka. Familia ya Kiislamu ikiona uzito juu ya valvu ya nguruwe iseme mapema, kwani ipo ya ngozi ya moyo wa ng'ombe. Ulizeni kama eko ilifanywa baada ya operesheni na kama kuna kuvuja pembeni, na matokeo yaandikwe, ili eko ya mwaka ujao iwe na cha kulinganishwa nacho. Miezi inayofuata mkiona mkojo umekuwa mweusi, macho yamepauka au pumzi imeanza kukata tena akipanda kilima kidogo, msingoje miadi. Akienda kung'oa jino amwambie daktari wa meno kwanza kwamba ana valvu, apewe dawa ya kuzuia maambukizi.

Na ile kadi ndogo anayopewa siku ya kutoka, yenye aina ya valvu, kipimo chake kwa milimita na namba yake, mpigeni picha mkae nayo na ninyi mlio huku. Siku akipelekwa hospitali nyingine usiku, huenda ninyi ndio mkaulizwa.